Ulfric, Tullius na ubishi usiokwisha wa Skyrim

Gemu ya Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na mpaka leo mashabiki wake wanagombana kuhusu jambo lile lile: nani alistahili kushinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, Himaya ya Jenerali Tullius au waasi wa Ulfric Stormcloak? Joka Alduin, aliyekuja kuimeza dunia nzima, hajawahi kumgombanisha mtu na rafiki yake. Lakini mtaje Ulfric tu, uone moto.

Mimi ni wa Himaya, niseme mapema. Ila kinachonikera zaidi ni hoja za watu wa upande wangu.

Kwa ambao hawajaicheza: Himaya ilipigana na Aldmeri Dominion, dola ya Waelfi, kuanzia mwaka 171 hadi 175 wa Enzi ya Nne. Vita vikaisha kwa mkataba wa White-Gold, uliopiga marufuku ibada ya Talos, binadamu aliyepanda akawa mungu na ambaye Wanord, wenyeji wa Skyrim, wanamhesabu kuwa wao. Thalmor, watawala wa Dominion, wakaanza kuzunguka Skyrim wakiwakamata waumini wake. Miaka ikapita, Ulfric akaenda Solitude, mji mkuu wa Skyrim, akamtaka Mfalme Mkuu Torygg wapambane, akamwangusha kwa nguvu ya Sauti, yaani mayowe ya kichawi, na kumuua. Kama pambano lile lilikuwa la haki au la, nimechoka kubishania.

Sasa, watu wa Himaya wana silaha yao wanayoipenda: hati ya siri inayopatikana ndani ya ubalozi wa Thalmor. Inaeleza kwamba Ulfric alitekwa wakati wa Vita Kuu, vile vya Himaya na Dominion, akahojiwa na Elenwen, afisa wa Thalmor, akaaminishwa kuwa siri alizotoa ndizo zilizouangusha mji mkuu wa Himaya, ingawa mji ulikuwa umeshaanguka kabla hajavunjika. Kisha wakamwacha atoroke. Mashabiki wakisoma hapo wanafunga kitabu: Ulfric kibaraka, kesi imekwisha.

Haijaisha. Hati hiyo hiyo inasema Ulfric amekuwa hakubali kuwasiliana nao moja kwa moja. Na inasema wazi kwamba ushindi wa Stormcloak nao unatakiwa kuepukwa. Wanachotaka Thalmor ni vita viendelee bila mshindi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mtu anayeipeperusha hati hii kama ushahidi dhidi ya upande mmoja tu ameisoma nusu, na mara nyingi ni mtu wa kambi yangu.

Watu wa Ulfric nao wana Hammerfell, nchi nyingine iliyokuwa chini ya Himaya. Hoja inakwenda hivi: mkataba ulipotoa sehemu kubwa ya kusini ya Hammerfell kwa Dominion, watu wa huko walikataa, Titus Mede II, mtawala wa Himaya, akaikana nchi yao, wakaendelea kupigana peke yao mpaka Waelfi wakaondoka mwaka 180. Kama wao waliweza bila Himaya, Skyrim itashindwaje?

Hoja nzuri, na inauma. Lakini kuna kitabu ndani ya gemu yenyewe kinachosimulia vita vile, na ndani yake mna jambo ambalo watu huliruka. Jenerali Decianus wa Himaya alipoitwa arudi Cyrodiil, kitovu cha Himaya, hakutaka kuiacha Hammerfell mikono mitupu. Akawaruhusu askari wengi wabaki, akiwaandika kuwa ni majeruhi wasioweza safari. Hao "majeruhi" ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi lililowarudisha nyuma Waelfi mwishoni mwa 174. Kwa hiyo Hammerfell peke yake haikuwa peke yake hasa. Ilikuwa na mashujaa wa Himaya waliovuliwa sare kwa makaratasi. Sipendi Himaya iliyosaini mkataba ule, lakini Himaya ya Decianus naipenda sana.

Kilichoniweka upande huu, hata hivyo, si mikataba. Ni Windhelm. Unapoingia tu langoni mwa mji wa Ulfric, unamkuta Rolff Stone-Fist akimkoromea mwanamke wa Dunmer, yaani Waelfi wa giza, na kumwita jasusi. Dunmer wamesongamana katika mtaa wao chakavu, na Waargonia, watu wenye umbo la mijusi, hawaruhusiwi kukaa ndani ya kuta. Wanalala bandarini wanakobeba mizigo. Zungumza na Brunwulf Free-Winter, Mnord mzee aliyepigania Himaya, atakwambia kijiji cha Wanord kikivamiwa Ulfric ndiye wa kwanza kutuma askari, ila Dunmer wakishambuliwa au msafara wa Khajiit, watu wenye umbo la paka, ukiporwa, hatumwi mtu. Ukishinda na Himaya, Brunwulf ndiye anayekalia kiti cha Ulfric.

Hapo mtu wa Stormcloak atanijibu, na atakuwa na haki: Khajiit wanazuiwa nje ya malango ya miji yote, hata Solitude. Na Riften, Himaya ikishinda, inakabidhiwa kwa Maven Black-Briar, mwanamke ambaye kila mwizi wa mji ule anamjua. Halafu kuna Helgen, mahali gemu inapoanzia ukiwa mfungwa wa Himaya. Hadvar, askari wa Himaya, anapekua orodha, jina lako halimo, anamuuliza kapteni wake afanye nini, anaambiwa aachane na orodha, upelekwe kwenye gogo la kukatwa kichwa. Wengi ninaobishana nao walihamia kwa Ulfric dakika ile ile, na siwalaumu.

Jambo moja tu nashangaa halibishaniwi vya kutosha: mkutano wa kusimamisha vita kule High Hrothgar, makao ya watawa juu mlimani. Tullius anakuja na Elenwen, yule yule aliyemhoji Ulfric, anayedai kiti mezani kama mtazamaji. Ulfric anagoma, na uamuzi unaachiwa mchezaji. Himaya inakuomba umruhusu abaki. Mimi humtoa nje kila ninapocheza, hata nikiwa nimekula kiapo kwa Tullius, na ningependa mtu wa kambi yangu anipe sababu moja nzuri ya kumwacha akae.