Kalamu Ina Tangi, Mwenyewe Hana Raha

Nambie yakhe, biro imekukosea nini? Unaitoa mfukoni, unaandika, ikiisha unaitupa, duka la jirani ziko nyingine. Haitaki kulishwa, haitaki kuogeshwa, haina habari na joto la Februari. Lakini binadamu haridhiki. Kaona kalamu ya wino, tena si ya katriji, kile kichupa kidogo cha wino kinachochomekwa ndani na kutupwa kikiisha, bali ya pistoni, inayofyonza wino yenyewe. Kauzungusha mkia, kaona wino unapanda wenyewe, roho imemruka. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Haya, tuambiane ukweli. Kila sifa wanayoipa kalamu hii inarudi kwenye kitu kimoja: tangi. Hakuna katriji, hakuna kibomba cha kuchomeka na kuchomoa, mwili wa kalamu ndio chupa. Katriji fupi ya kawaida hubeba kama mililita 0.8. Pistoni ya umbo la wastani hubeba 1.2 hadi 1.8, na kwa nibu nyembamba, yaani ile ncha ya chuma ya kuandikia, mtu anayejaza kurasa mbili kwa siku hupitisha wiki nzima na ushei kabla ya kukumbuka kidau cha wino. Uzuri huo. Na mashaka yake yote, kila moja, yanarudi kwenye tangi hilo hilo.

Ufundi wenyewe si wa jana. Kampuni ya Pelikan ya Hannover kule Ujerumani waliutoa mwaka 1929 kwa ubunifu wa mhandisi Theodor Kovács: unazungusha kitufe cha nyuma mara chache, na skrubu za ndani zinaisukuma pistoni safari nzima ya tangi. Leo watengenezaji wengine wanazo pia: Lamy wana kalamu yao iitwayo 2000 tangu 1966, Pilot wana Custom Heritage 92, na TWSBI wa Taiwan wana ECO, ile ya plastiki angavu ambayo wino unauona ukicheza ndani kama sharubati ya ukwaju. Ukiniuliza ya kuanzia, anza na hiyo angavu. Unajua imebaki ngapi. Zile za mwili mweusi na kidirisha kama tundu la sindano zitakuachia barua katikati ya "Wako mtiifu".

Kuijaza sasa. Watu huchovya ncha tu kama wanaonja mchuzi, halafu wanalalamika imenywa hewa. Nibu yote izame, pamoja na ule ulimi mweusi wenye mapezi ulio chini yake, mpaka ukingo wa pale vidole vinaposhika uguse wino. Zungusha kitufe kinyume cha saa hadi pistoni ishuke kabisa; utaona mapovu. Rudisha taratibu. Usichomoe! Una haraka ya wapi? Hesabu mpaka kumi, wino bado unapanda. Na mara ya kwanza halijai, kwa kuwa kilichotangulia kuingia ni hewa iliyokuwa imelala kwenye ulimi, hivyo shusha tena, pandisha tena. Ukishatoa kalamu, dondosha matone matatu ndani ya kidau, igeuze nibu ielekee juu, ndipo umalizie kufunga kitufe. Futa kwa tishu. Matone hayo matatu ndiyo watu wanayoyaonea uchoyo. Ukikinyima kidau, utalipa shati.

Tena kidau nacho kina ujanja wake. Cha mililita 50, ukigawa kwa 1.5, hesabu ya darasani inasema utajaza mara thelathini na tatu. Hesabu ya duniani inasema wino ukifika sentimita moja kutoka chini, nibu haizami tena, na kalamu inafyonza hewa kwa mlio wa mtoto aliyemaliza soda. Wenye katriji wangeingiza sindano ya duka la dawa isiyo na ncha, wakajaza, wakaenda zao. Wewe wa pistoni unalazimika kumimina masazo kwenye kichupa chembamba kirefu, ukiinamisha kidau kwa mkono mmoja na kuomba Mungu kwa mwingine. Kufika hapo vidole vimepakwa piko kama bibi harusi, ila hakuna aliyekuja na vigelegele.

Joto. Hapa Mombasa ndipo kalamu hii inapokuumbua, na si kosa lake, ni fizikia. Umekaa benki au afisi yenye kiyoyozi, nyuzi 20, umeandika umefurahi, tangi limebaki robo. Unatoka nje Moi Avenue, nyuzi 33, jua linakupiga utosini. Hewa iliyo ndani ya tangi inatanuka kwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Chukua tangi la mililita 1.8: wino robo, hewa robo tatu, yaani kama 1.35. Asilimia 4 na ushei ya hiyo ni mililita 0.06. Tone zima na ziada! Litatokea wapi? Kwa mdomo. Mapezi ya ule ulimi yamewekwa kuzuia mafuriko ya namna hiyo, lakini yakiwa yameshalowa hayana pa kuweka, na tone linaingia ndani ya kifuniko likikusubiri. Sasa fikiria ni Ijumaa, na hicho kifuniko kimekaa mfuko wa kifua wa kanzu nyeupe.

Dawa yake ipo, wala si kubwa. Kalamu isimame, nibu juu, mfukoni na mkobani. Ikibaki robo, ijaze, usingoje ikauke kabisa: tangi lililojaa halina hewa ya kutanuka. Ukitoka kwenye baridi, ishike dakika mbili tatu nibu ikitazama juu, mkono uipashe moto hewa ipumue bila kusukuma wino, kisha fungua kifuniko nibu ingali juu. Kwa ndege ni hivyo hivyo: ama imejaa, ama tupu. Na kwenye tuktuk usiandike. Hili halihusu fizikia, ni barabara.

Tufike kwenye maji, maana hapo ndipo tangi linapolipiza kisasi. Kubadilisha rangi ya wino kwenye kalamu ya katriji ni dakika tano: unachomoa, unapitisha maji kwa pampu ya mpira, basi. Pistoni haichomoki. Unanyonya maji, unatema, unanyonya, unatema, mara kumi, kumi na tano, ishirini, na maji bado yanatoka na rangi ya samawati kidogo kana kwamba yanakufanyia makusudi. Kisha unaisimamisha nibu ndani ya gilasi ya maji usiku kucha. Asubuhi gilasi imegeuka bahari. Rudia. Ndiyo maana mwenye pistoni ya kila siku huchagua wino mmoja akakaa nao kama ndoa. Anayetaka kijani leo na zambarau kesho atakufa mbele ya sinki.

Na maji gani? Maana bomba letu lina siku zake. Maji ya kisima yana chumvi. Ukiiosha nayo ikikauka, chumvi inabaki kwenye mifereji ya ulimi, na mifereji hiyo ni myembamba kama unywele. Wino unaanza kuja kwa kusuasua, wewe unailaumu nibu. Ya mkokoteni nayo, mtungi haukuambii ulijazwa wapi. Suuza kwanza kwa maji matamu ya kunywa, na mara ya mwisho tumia maji safi ya betri, yale yasiyo na madini. Lakini useme vizuri pale kituo cha petroli: maji, si asidi. Anayeuza hatauliza ni ya gari au ya kalamu.

Yawe ya baridi. Ya moto hupinda plastiki na ulimi. Wino ukiganda, tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya glasi ya maji linatosha. Spiriti usiikaribishe kabisa. Hupasua plastiki angavu, mistari midogo kama utando wa buibui, na hairudi ilivyokuwa.

Pistoni ikiwa nzito kuzunguka, usiilazimishe. Sikia vizuri, usiilazimishe. Ni ule mpira wake umekauka, na ukikaza kama unafungua nati ya gurudumu utabaki na kitufe mkononi na pistoni ndani. Inataka grisi ya silikoni tupu, kiasi cha punje ya ufuta. ECO huja na spana yake ya plastiki na kichupa cha grisi, unafungua nyuma, unachomoa pistoni, unapaka mpira, unarudisha. Pelikan nyingi haziguswi nyuma. Pale unazungusha nibu pamoja na ulimi wake, inatoka mbele, unapitisha grisi kwenye ukuta wa tangi kwa kijiti cha meno, kisha unapeleka pistoni mbele na nyuma mara kadhaa ienee. Sasa utakuta mtu kaja na mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi! Kwa kuwa yanafaa nywele na samaki wa kupaka, basi yanafaa kila kitu. Hayafai. Yanachacha, yanachanganyika na wino, na mstari unakatika katikati ya neno. Vaselini nayo huuvimbisha mpira, na mafuta ya cherehani yaachie cherehani.

Ukiona wino umepita nyuma ya mpira, upande wa kitufe, hiyo si grisi tena. Mpira umechakaa au tangi lina mkwaruzo. Ile ya spana utaifungua uitazame. Ya bei kubwa mpelekee fundi wa kalamu, na ukimpata karibu nitumie habari.

Karatasi je? Daftari la kaunta la kawaida hunywa wino kama kashata inywavyo kahawa. Herufi zinaota manyoya, na upande wa pili wa ukurasa hauna kazi tena. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 huvumilia kidogo, ila msimu wa mvua, hewa ikiwa nzito, hata hiyo hunyonya unyevu ikafanya mambo yake. Hivyo chagua nibu nyembamba, EF (nyembamba sana) au F (nyembamba), na ujue kwamba F ya Mjapani huwa karibu na EF ya Mjerumani. Nibu ya B, ile nene, utaipenda kwa sahihi tu. Tena mkono wenye jasho ukipita juu ya karatasi unaacha mafuta, na nibu ikifika hapo inaruka kama gari kwenye tuta. Weka karatasi nyingine chini ya kiganja. Wengine hudhani kalamu imeharibika, wanaiosha mara ishirini. Karudini mkaoshe mikono.

Wino wa rangi ya kawaida, unaoyeyuka kwa maji, ndio salama kwa tangi usiloweza kulifungua kirahisi. Shida yake ni kwamba tone moja la maji ya madafu juu ya fomu linafuta jina la babako. Wino wa chuma, ule wa masijala wa tangu na tangu, haufutiki, lakini ukiuacha ukauke ndani unaacha mashapo. Ukiutumia, andika nao kila siku na uoshe kalamu kila mwezi. Wino wa Kihindi wa wachoraji usiutie kabisa. Una gundi. Ukikauka tangini, umenunua kijiti.

Ukienda kuinunua usisifie rangi kwanza. Zungusha kitufe mwanzo hadi mwisho ukisikiliza: iende laini, bila kukwama wala kukwaruza. Tazama nibu kwa kioo cha kukuzia, meno yake mawili yawe sawa, moja lisipande juu ya jingine. Ichovye, andika nane kubwa nyingi zilizolazwa, kwa maana nane hupita kila upande, panapokwaruza utapasikia. Shika pale pa vidole kwa dakika nzima. Pakiwa pa chuma kitupu, kwa jasho la hapa itateleza kama sabuni. Nyumbani ijaze maji kabla ya wino, kausha nibu, isimamishe nibu chini ndani ya gilasi yenye tishu kavu hadi asubuhi. Tishu ikiwa na unyevu kidogo pale ilipogusa, sawa. Ikiwa imelowa chapachapa, irudishe ungali na risiti.

Hayo yote unaweza kuyamudu. Usiyoweza kuyamudu ni watu. "Ndugu, niazime kalamu kidogo." Kidogo! Anaishika wima kama msumari, anakandamiza kama biro, meno ya nibu yanapanuka mguu huku mguu kule, na hayarudi. Au anaigeuza juu chini, haiandiki, anaitikisa: ukuta, saa, shati lako na la mwenye foleni nyuma. Akimaliza anasahau kifuniko mezani. Na vitabu vya risiti vyenye kaboni, na daftari la bawabu getini, vyote vinataka mtu akandamize, jambo ambalo nibu haikuumbiwa. Nakala ya chini itatoka nyeupe kama haukuja.

Kwa hivyo mfuko uwe na mbili. Ya kuazima ni biro, ile ile uliyoidharau asubuhi. Na wakikuuliza ile nzuri inafanya nini hapo, mbona huitumii, waambie imesimama nibu juu, imebaki robo, na nje kuna jua.