Ujerumani haiishiwi kwa bajeti ya mwezi

Kila muhula wa baridi unapokaribia, jedwali lilelile la bajeti ya mwezi huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wanaosubiri viza ya kusoma Ujerumani, Nairobi na Dar es Salaam. Kushoto matumizi, kulia euro, na chini kabisa kwa maandishi mekundu: "Unabaki na 127 kila mwezi." Kijana analisoma, mama analisoma, na mjomba aliyeuza shamba ili Sperrkonto ijae (akaunti maalumu ya viza, inayomwachia mwanafunzi pesa kidogo kidogo kila mwezi) analisoma pia. Kabla ndege haijaruka, zile 127 zimeshagawanywa: ada ya mdogo wake, dawa za bibi, mchango wa harusi ya Desemba.

Linaniudhi kwa sababu kila tarakimu iliyomo ni ya kweli, lakini jibu lake linawapoteza watu. Tulifuate mstari kwa mstari. Sperrkonto inakuachia euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Septemba 2024. Chumba cha peke yako katika mji wa bei nafuu, tuseme Chemnitz au Magdeburg, Warmmiete, yaani kodi pamoja na joto na maji, 450. Umeme 40. Bima ya afya ya mwanafunzi aliye chini ya miaka 30, 145. Chakula 220. Simu 10. Jumla 865, inabaki 127. Wa München asijisumbue na mfano huu, kwani kwake kodi peke yake inaweza kumaliza hesabu.

Sasa chukua bili ambazo haziji kila mwezi. Ada ya muhula yenye tiketi ya usafiri ndani yake, tuseme 330, inalipwa mara mbili kwa mwaka: 660. Ada ya redio na televisheni, 18.36 kwa mwezi, ambayo hudaiwa kwa miezi mitatu mitatu: 220 kwa mwaka. Nyongeza ya Nebenkosten, yaani gharama za nyumba nje ya kodi kama joto na maji, mwisho wa hesabu: 200. Nyongeza ya umeme: 120. Kuongeza muda wa kibali cha kuishi: 93. Haftpflicht, bima inayokulipia ukiharibu mali ya mtu: 50. Koti na viatu vya baridi vinavyostahimili theluji: 200. Jumlisha: 1,543. Zile 127 ukizidisha kwa 12 unapata 1,524. Umepungukiwa na euro 19, na bado hujatuma hata senti nyumbani, hujaugua jino, hujalipa nauli ya kwenda kuzika.

Tarakimu za kwako zitatofautiana na hizi, lakini umbo halibadiliki. Bili nzito za Ujerumani hufuata mwaka, na anayepanga kwa mwezi anakula pesa ya bili ambayo barua yake haijafika.

Inayowaangusha wengi ni Nebenkosten, nami nitakaa hapo kidogo. Warmmiete ina sehemu mbili: Kaltmiete, ambayo ni kodi yenyewe, na malipo ya awali ya joto, maji, taka na usafi wa ngazi. Hiyo sehemu ya pili ni makadirio. Mwenye nyumba anafunga hesabu mara moja kwa mwaka na anaweza kuchukua miezi 12 baada ya kipindi kuisha ndipo akuletee. Kwa hiyo baridi ya Januari 2026 unaweza kudaiwa Desemba 2027. Umeshasahau ulivyoliacha hita usiku kucha, pengine umeshahama, na barua inakufuata.

Katika jengo lenye mtambo mmoja wa pamoja wa kupasha joto, sheria inataka kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama ya joto igawanywe kwa matumizi yaliyopimwa. Ndiyo kazi ya kile kidude kidogo cheupe kilichobandikwa kwenye hita. Kwa hiyo namna unavyokizungusha kirungu cha hita chenye namba 1 hadi 5 ni suala la pesa. Wengi wetu, tukitoka nje mikono imekufa ganzi, tunakizungusha hadi 5 tukidhani chumba kitawahi kupata joto. Hakiwahi. Namba ni kiwango cha joto ambacho valvu itafunga, wala haihusiki na kasi. Namba 3 ni kama nyuzi 20, na ukiweka 5 hita litapita hapo na kuendelea kuchoma hadi karibu nyuzi 28, wewe ukiwa umeshalala. Weka 3 mchana, 2 usiku. Kila nyuzi moja unayopunguza inaokoa karibu asilimia 6 ya nishati ya kupasha joto.

Dirisha nalo. Kuliinamisha juu kidogo siku nzima, hita likiwa linawaka chini yake, ni kumwaga pesa nje: ile hewa baridi inashuka juu ya kirungu, kirungu kinahisi baridi, kinafungua valvu yote. Huku ukuta wa pembeni unapoa na ukungu mweusi unaota. Funga hita, fungua dirisha lote wazi dakika 5 hadi 10, funga, washa tena. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na siku ukipika maharage au kuanika nguo ndani ongeza mara moja. Usiruhusu pazia lifunike kirungu, kwani joto linanaswa nyuma ya kitambaa, kirungu kinadhani chumba kimeshapata, wewe unatetemeka na kuongeza namba.

Nakubali kwamba wako wanaorudishiwa pesa hesabu ikifungwa, na ni kweli chumba cha WG, nyumba mnayopanga kwa pamoja, kinapunguza mengi, hasa ada ya redio, ambayo ni moja kwa nyumba nzima hata mkiwa watano. Lakini mtu hawezi kujenga bajeti juu ya bahati ya kurudishiwa.

Kuhusu hiyo ada ya redio: kusema huna televisheni hakusaidii. Ukishajiandikisha manispaa, barua inakuja, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa, na hesabu yake inaanza mwezi uliohamia. Usiitupe ukidhani ni tangazo. Kama mwenzako wa nyumba analipa, jibu kwa kuandika namba yake ya mlipaji wa ada hiyo, yaishe. Ukinyamaza wanaongeza faini, euro 8 au zaidi.

Umeme ni mchezo uleule wa makadirio. Usipochagua kampuni mwenyewe, unaingizwa moja kwa moja kwenye huduma ya msingi ya eneo lako, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko mikataba mingine. Unaweza kutoka kwa taarifa ya wiki mbili tu.

Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma nchi nzima, kwa asiye na ya chuo, ni euro 63 tangu Januari 2026, na usipoifuta kufikia tarehe 10 ya mwezi huu, mwezi unaofuata utakatwa tena.

Chakula ndicho tunachobishania sana, ingawa ndicho kisichoua bajeti. Unga wa ugali wa duka la Kiafrika ni ghali. Unga laini wa mahindi upo kwenye maduka ya Waturuki kwa bei ya chini. Na Grünkohl inayojaa masokoni baridi ikiingia ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki. Ondoa uti wa katikati, katakata nyembamba, ipike muda mrefu kidogo kuliko ya nyumbani. Chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo ya vinywaji rudisha, kila kimoja ni senti 25.

Dawa ya haya yote ni kibubu cha mwaka. Fungua akaunti ndogo ya pili, isiyo na kadi. Chukua jumla ya bili zako zote zisizo za kila mwezi, gawanya kwa 12, na uagize benki ihamishe kiasi hicho yenyewe siku moja baada ya Sperrkonto kukuachia pesa. Kwa mfano wetu ni kama euro 130. Usihamishe mwisho wa mwezi kitakachobaki, maana hakitabaki. Barua ikifika, unalipa kutoka kibubuni na chakula cha mwezi ule hakiguswi.

Kibubu hicho hakikusaidii mwezi wa kwanza. Dhamana ya chumba inaweza kufika Kaltmiete tatu, na Sperrkonto haifunguki kwa haraka yako. Kaltmiete ikiwa 350, dhamana ni 1,050. Sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu zilizo sawa, ya kwanza mkataba unapoanza. Lisemeni hilo bila haya. Bado, njoo na kama euro 2,000 nje ya Sperrkonto.

Na nyumbani. Hili naliandika kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana wazuri wakikopa Mannheim ili watume Mbeya, kisha wakashindwa ada ya muhula na chuo kikawafuta, na kibali kikayumba. Mwambie mama ukweli kabla hujapanda ndege, na jedwali la mwaka mkononi: mwaka wa kwanza hakuna kutuma. Ukipata kazi, na mwanafunzi anaruhusiwa siku kamili 140 kwa mwaka au nusu siku 280, pesa ya kazi ndiyo ya kugawana. Ya Sperrkonto ni kodi na mkate, haina mjomba.

Wanaotengeneza majedwali, tafadhali ongezeni safu moja tu, ya bili za mwaka, na mlipige chapa upya kabla ya Oktoba. Na wewe unayepokea ufunguo wiki hii: usitandike kitanda kwanza. Piga picha mita ya umeme, mita ya maji na kile kidude cheupe kwenye kila hita, namba zionekane, tarehe ionekane, kisha namba hizo ziandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano na mwenye nyumba atie saini.