Hawaongei, Lakini Wanasikilizana

Katika uchaguzi wa 2024 nchini Marekani, mtu hakuruhusiwa kumchangia mgombea wa urais au wa Bunge la nchi hiyo zaidi ya dola 3,300 kwa mchujo na 3,300 nyingine kwa uchaguzi mkuu. Mwaka huohuo Elon Musk alimwaga zaidi ya dola milioni 250 kumpigia debe Donald Trump na wenzake wa Republican, nyingi zikipitia kamati yake ya America PAC. Kikomo kile hakikumgusa, kwa sababu fedha zake zilihesabiwa kuwa "matumizi huru".

Chanzo ni hukumu ya Buckley dhidi ya Valeo ya 1976. Mahakama ya Juu ilisema kumkabidhi mgombea fedha kunaweza kuzaa rushwa, hivyo ni halali kuwekea michango mpaka. Lakini ukitumia fedha zako kumnadi bila kushauriana naye, hayo ni maoni yako, na maoni hayawekewi kikomo cha fedha. Mwaka 2010, hukumu ya Citizens United iliwafungulia mlango makampuni na vyama vya wafanyakazi, na hukumu nyingine ya mwaka huohuo ikazaa super PAC, yaani kamati za nje zinazokusanya na kutumia fedha bila kikomo. Sharti likabaki moja: msishauriane. Mkishauriana, kila senti inahesabiwa kuwa mchango.

Sioni ujinga katika wazo hilo la 1976. Fedha usizoweza kuzielekeza hakika hazikufai kama zilizo mfukoni mwako. Kosa lilikuwa kudhani kwamba watu hawawezi kuelewana mpaka wakutane.

Fungua tovuti za wagombea utaona. Mahali fulani pana kisanduku chenye mstari mwekundu, na ndani yake maneno ya ajabu kidogo: wapigakura wa eneo fulani "wanahitaji kuona" kwamba mgombea aliwatetea wauguzi. "Kuona" maana yake tangazo la televisheni. "Kusoma" ni vipeperushi vya posta. "Wakiwa njiani" ni matangazo ya simu. Fumbo mfumbie mjinga! Super PAC inasoma, inalipia, na hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kwa kuwa maneno yalikuwa hadharani, kanuni hazihesabu huo kuwa ushauriano.

Mwaka 2014 Mitch McConnell, seneta wa Republican, alikwenda mbali zaidi. Kampeni yake ilitoa video ya zaidi ya dakika mbili akitabasamu tu, muziki ukipigwa, bila neno hata moja. Wachekeshaji walijichana mbavu, lakini video ilikuwa na kazi: ni picha za bure kwa yeyote anayetaka kumtengenezea tangazo.

Wa kusimamia haya ni Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC. Ina viti sita, chama kimoja hakiruhusiwi zaidi ya vitatu, na uamuzi wa maana unataka kura nne. Unaweza kukisia mashauri mangapi yanakwama. Na inapoamua, mara nyingine inalegeza: Machi 2024 ilitoa maoni kwamba vikundi vya nje vinaweza kupanga pamoja na mgombea kampeni ya nyumba kwa nyumba, maana kubisha hodi si "mawasiliano kwa umma". Miezi michache baadaye watu wa Musk walikuwa wakibisha hodi kwa niaba ya Trump katika majimbo yenye ushindani.

(Kenya haikujisumbua hata na kiini macho. Sheria ya kugharamia kampeni ilipitishwa 2013, Bunge likaisimamisha kabla ya uchaguzi wa 2017, na fedha zikatembea mchana kweupe.)

Mimi ningeanza na kile kisanduku. Mgombea akiandika maelekezo na kamati ikayafuata, fedha hizo zihesabiwe kuwa mchango, hata kama hawajawahi kusalimiana. Nitaambiwa nabana uhuru wa kusema. Tajiri anunue matangazo apendavyo na aseme yaliyo moyoni mwake. Anayoandikiwa na mgombea si yake.