Rameswaram Huanzia Majini

Maelezo mengi yanayoandikwa kwa ajili ya watalii kuhusu hekalu la Ramanathaswamy, lililoko katika mji wa Rameswaram kwenye kisiwa cha Pamban kusini mwa India, humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye shoroba zake. Shoroba hizo zinastahili sifa zote: nguzo za mawe zaidi ya 1,200 zimepangwa kwa mistari mirefu mno, nazo ni matunda ya vizazi vya watawala wa ukoo wa Setupathi, hadi ushoroba wa nje ulipokamilika katika karne ya 18. Hata hivyo, naamini kwa dhati kwamba mgeni anayetazama nguzo kisha akageuza njia ameliacha hekalu lenyewe nyuma yake, kwa sababu Rameswaram huanzia majini.

Mahujaji husimulia kwamba Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana, baada ya kumwua mfalme Ravana huko Lanka, alitaka kumwabudu mungu Shiva ili atakaswe, kwa kuwa Ravana alikuwa Mbrahmani, mtu wa tabaka la makuhani, na kumwua mtu kama huyo ni dhambi kubwa. Hanuman, mtumishi wake mwenye umbo la nyani, akatumwa mlima Kailash kuleta lingam, yaani jiwe linalomwakilisha Shiva, na alipokawia, Sita, mke wa Rama, akafinyanga jingine kwa mchanga wa ufukweni. Yote mawili yanaabudiwa hadi leo, na lile la Hanuman hutangulizwa, kwa kuwa Rama hakutaka juhudi za mtumishi wake zipotee bure. Kwa kuwa Rama ni mungu Vishnu aliyejifanya mwanadamu, wafuasi wa Vishnu na wa Shiva hukutana hapa bila kushindania mahali.

Hujaji huanza baharini, upande wa mashariki wa hekalu, kwenye ufuko uitwao Agni Theertham. Akishaoga huko, huingia hekaluni na nguo zake zikiwa zingali zinachuruzika, akapita kisima hadi kisima, na ndani ya hekalu vipo 22. Nilisimama kando ya kimojawapo kwa muda mrefu. Mtekaji alikuwa amepanda juu ya ukingo wa kisima, miguu mitupu, akatupa ndoo ndogo yenye kamba, akaivuta kwa mikupuo michache na kuimwaga kwenye kichwa cha bibi mmoja aliyekuwa ameshikwa mkono na wajukuu wake. Bibi alishtuka kwa ubaridi, akacheka, kisha akafumba macho na kusogeza midomo. Sakafu yote ilikuwa imelowa, watu wakienda kwa tahadhari, na nyuma yao foleni ikisukumana kwa upole. Mahujaji husema kila kisima kina ladha yake, na kwamba maji hayo ni matamu ingawa bahari imekizunguka kisiwa pande zote. Wako hata wanaosafiri na maji ya mto Ganga kutoka Kashi, yaani mji wa Varanasi, kaskazini mwa nchi, ili yamiminwe juu ya lingam. Ni baada ya kuoga na kuvaa nguo kavu ndipo hujaji huenda mbele ya Shiva.

Asiye Mhindu haruhusiwi kufika hapo patakatifu, nami sioni sababu ya kunung'unika. Mwenye nyumba ana haki ya kuchagua chumba ambacho mgeni haingii, na shoroba pamoja na visima vinatosha kumshughulisha mtu kutwa nzima. Vivyo hivyo kuhusu simu, ambazo Mahakama Kuu ya Madras iliagiza mwaka 2022 zipigwe marufuku katika mahekalu ya Tamil Nadu, jimbo lenye kisiwa hiki. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Watu waliolowa maji, wengine wakilia, hawapaswi kuwa picha za msafiri asiyewajua.

Ninachohofia zaidi ni haraka. Daraja la kwanza la reli la Pamban lilifunguliwa mwaka 1914, na jipya limezinduliwa mwezi Aprili 2025, kwa hiyo kufika ni rahisi. Waandaaji wa safari wanaompa mgeni saa mbili za hekalu, kisha wakamkimbiza Dhanushkodi kutazama magofu ya mji ulioangamizwa na kimbunga cha Desemba 1964, wanamnyima kitu kikubwa. Wamlaze kisiwani walau usiku mmoja, ili alfajiri awe tayari ufukweni mahujaji wanapoingia baharini, kisha awafuate taratibu hadi visimani.