Emscher, mto uliotolewa kafara kikaoni

Wenyeji wa eneo la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, waliita vijito vya bonde la Emscher Köttelbecke, yaani kijito cha vinyesi. Hawakuwa wakitania. Kwa karibu karne nzima Emscher ulibeba maji ya vyooni, ya migodi na ya viwanda peupe, ndani ya mfereji wa zege uliozungushiwa uzio, huku mabango yakionya kwamba atakayetumbukia anaweza kufa.

Mto wenyewe ni mdogo. Unaanzia Holzwickede, karibu na Dortmund, na kwenda magharibi kiasi cha kilomita 83, ukipita Castrop-Rauxel, Herne, Gelsenkirchen, Essen, Bottrop na Oberhausen hadi kuingia mto Rhine. Kabla ya makaa ya mawe ulikuwa ukijipinda polepole kwenye ardhi tambarare yenye majimaji, ambako farasi mwitu walizurura. Walikamatwa na kuuzwa kwenye soko la farasi la Crange, na hadi leo sherehe kubwa ya kila mwaka hufanyika mahali hapo.

Kisha ikaja migodi. Makaa yalipochimbwa, ardhi ya juu ilititia, kwingine zaidi ya mita 20, na mto uliokuwa na mteremko mdogo tangu awali ukakosa pa kwenda. Maji machafu yakatuama mitaani na kwenye viwanja vya nyumba, yakileta kipindupindu na homa ya matumbo. Desemba 1899 miji, migodi na viwanda vilikutana Bochum na kuunda ushirika wa maji, Emschergenossenschaft. Njia iliyochukuliwa ilikuwa kali: Emscher ukanyooshwa, ukaingizwa ndani zaidi ya ardhi na kufanywa mfereji wa maji taka, ili mto jirani wa Ruhr ubaki wa maji ya kunywa.

Wanaotetea uamuzi ule wana hoja nzito, nami siwezi kuipuuza. Bomba la chini ya ardhi lisingedumu mahali ambapo ardhi yenyewe inashuka. Lingepasuka, na uchafu ungevuja bila mtu kuuona. Mfereji wa wazi ungeweza kukaguliwa na kuinuliwa tena kila ulipozama. Aliyeona suala la maji ya kunywa ni dogo alipata jibu mwaka 1901, maelfu walipougua homa ya matumbo Gelsenkirchen baada ya maji ya Ruhr yasiyochujwa kuingizwa kwenye mabomba ya mji. Robert Koch mwenyewe, mtaalamu mashuhuri wa vijidudu vya magonjwa, aliitwa kuchunguza. Kama Ruhr nao ungeachiwa vinyesi vya mamilioni ya watu, vifo vingekuwa vingi zaidi.

Lakini nani alikaa kwenye kikao kile? Waliokuja kuishi kando ya mfereji ni wachimbaji, wengi wao wahamiaji kutoka mikoa ya mashariki ya Prussia, dola kuu ndani ya Ujerumani ya wakati ule, wasemaji wa Kipolandi miongoni mwao. Wakati huo kura ya Prussia ilipimwa kwa kodi: mwenye mali alikuwa na uzito mara nyingi kuliko kibarua. Harufu ikaenda kwa wasio na sauti. Na uchafu haukuishia kwao, kwa kuwa fenoli, kemikali yenye harufu kali itokayo kwenye viwanda vya koki (makaa yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyusha chuma), iliteremka hadi Rhine, na wavuvi wakalalamika kwamba samaki wao wananuka dawa. Mdomo wa mto wenyewe ulihamishwa mara mbili, 1910 na 1949, kila mara mbele zaidi upande wa kaskazini, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inatitia.

Migodi ilipofungwa na ardhi kutulia, kisingizio cha kukataa mabomba kikaisha. Kuanzia 1992 ushirika uleule uliogeuza mto kuwa mfereji ulianza kuurudisha: mitambo ya kusafisha, mabomba ya zaidi ya kilomita 400, na bomba kuu la kilomita 51 kutoka Dortmund hadi Dinslaken, ambalo kwingine liko kiasi cha mita 40 chini ya ardhi. Mwisho wa 2021 maji taka yakakoma kuingia mtoni. Gharama ilikuwa kama yuro bilioni 5.5.

Hapa pia watu wanagawanyika. Kuna wanaouliza kwa nini mkazi wa Gelsenkirchen, mji ambao ni miongoni mwa maskini zaidi Ujerumani, alipie kwenye tozo yake ya maji taka fidia ya uchafu ulioachwa na kampuni zilizokwisha kuvuna faida. Wanaonyesha pia ziwa la Phoenix-See huko Hörde, Dortmund: lilichimbwa palipokuwa kiwanda cha chuma, na ufukweni kukajengwa nyumba za bei ambayo mfanyakazi wa kiwanda kile asingeimudu.

Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo naona kazi ile ilipaswa kufanywa, na iliwezekana kwa sababu moja inayosahaulika: mto ule haukuharibiwa na uzembe usio na mwenyewe. Palikuwa na chombo chenye jina, wanachama na sheria yake ya mwaka 1904, chenye mamlaka ya kutoza kila anayechafua. Miaka tisini baadaye chombo kilikuwa bado kipo, na deni lilikuwa na mlango wa kubisha. Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kwa miongo mingi hakikuwauliza waliokaa kando ya uzio.

Na deni halijaisha. Mwaka 2022 mdomo mpya ulifunguliwa kwenye Rhine, na samaki waliozuiwa na maporomoko ya zege sasa wanaweza kupanda. Lakini karibu asilimia 40 ya bonde limeshuka kiasi kwamba maji hayatoki yenyewe. Pampu zinayavuta mchana na usiku, na palipozamishwa na migodi gharama inabebwa na taasisi iliyoundwa 2007 kwa fedha za makaa. Zikizimwa, maji yatapanda mpaka vyumbani mwa watu.