Baada ya dodoso, nani anampokea mama?

Mkunga anampa mjamzito kalamu na karatasi yenye maswali kumi. Mengi anayajibu upesi: kama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama huzuni inamnyima usingizi. Akifika swali la kumi, linalouliza kama amewahi kufikiria kujidhuru, mkono unasita. Mume amekaa ubavuni, macho kwenye karatasi. Mama anachagua "kamwe" na kuirudisha.

Karatasi hiyo ni kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987 na kuenea duniani kote kwa ajili ya kutafuta sonona ya uzazi, yaani huzuni nzito ya ugonjwa inayompata mama wakati wa mimba au baada ya kujifungua. Huuliza hali ya siku 7 zilizopita, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 30. Hakuna anayebisha kwamba tatizo lipo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban 10% ya wajawazito na 13% ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea viwango hupanda hadi 15.6% na 19.8%. Kinachobishaniwa ni kama kila mama apewe dodoso, na kama tunaweza kumjua atakayeugua kabla hajaugua.

Wanaotaka wote wapimwe wana hoja nzito. Sonona ya uzazi hujificha nyuma ya uchovu ambao kila mtu anautarajia. Mama akilia usiku anaambiwa ni kawaida, atazoea. Yeye mwenyewe anaogopa kusema kwamba akimtazama mwanawe hahisi chochote, asije akaonekana mama mbaya au akanyang'anywa mtoto. Swali linaloulizwa kwa kila mtu halimnyooshei kidole yeyote.

Upande wa pili nao hauna ukatili. Mwaka 2022 kikosi kazi cha Kanada kinachoshughulikia huduma za kinga kilishauri wahudumu wasitumie madodoso ya alama kwa kila mjamzito na aliyejifungua, bali waendelee kumuuliza mama hali yake kama sehemu ya huduma ya kawaida. Hesabu inaonyesha sababu mojawapo. Chukua wanawake 1,000, wagonjwa wakiwa 150. Tuseme kipimo kinawanasa wagonjwa 8 katika kila 10, na katika kila wazima 10 kinamtaja 1 kimakosa. Watanaswa wagonjwa 120, wataponyoka 30, na wazima 85 wataambiwa huenda ni wagonjwa. Kama kliniki ina mshauri mmoja, foleni ya watu 205 itamchelewesha hata yule aliyekuwa hatarini kweli.

Kubashiri ni kugumu zaidi. Sasa zipo programu za kompyuta zinazosoma kumbukumbu za hospitali na kukadiria nani ataugua. Mashaka yangu yako kwenye kumbukumbu zenyewe. Mwanamke aliyeugua asigunduliwe ameandikwa humo kama mzima, na kompyuta inajifunza hivyo hivyo. Wale ambao mfumo haukuwaona jana ndio utakaowakosa kesho.

Hata hivyo, mengi yanajulikana bila kompyuta: sonona ya zamani, kipigo kutoka kwa mwenzi, mimba isiyotarajiwa, upweke, umaskini. Na kuna mahali ambapo, kwangu, mjadala unaisha kabisa. Saikosisi ya uzazi, yaani kuchanganyikiwa akili vibaya baada ya kujifungua, huwapata wanawake 1 hadi 2 katika kila uzazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo, lakini kwa mwenye ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hatari hukaribia 1 kati ya 5. Kutomuuliza mjamzito historia hiyo ni uzembe. Akisema ndiyo, mpango uandikwe kabla ya uchungu: daktari gani anafuatilia dawa, nani anambeba mtoto usiku ili mama alale, nani anapigiwa simu mama akianza kukesha na kusema yasiyoeleweka.

Kuhusu kinga, mwaka 2019 kikosi kazi cha Marekani cha huduma za kinga kilipendekeza ushauri nasaha kwa wajawazito na waliojifungua walio katika hatari zaidi hata kabla hawajaugua. Wengi husema huduma hiyo ni ya nchi zenye wanasaikolojia wa kutosha. Utafiti wa Pakistan uliochapishwa mwaka 2008 unawajibu, ingawa ulihusu tiba kwa wajawazito ambao tayari walikuwa na sonona. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa mbinu za kubadili fikra na wakawatembelea wanawake hao nyumbani. Miezi 6 baada ya kujifungua, 23% walikuwa bado na sonona, dhidi ya 53% ya waliotembelewa bila mbinu hizo. Sidai kwamba mazungumzo yanalipa kodi ya nyumba au yanamzuia mume anayepiga. Lakini tofauti hiyo ni kubwa, na imeletwa na watu waliokuwa tayari wanabisha hodi kwenye nyumba hizo.

Kwa hiyo naunga mkono kila mama aulizwe, ila kliniki isiyo na wa kumpokea imfundishe kwanza huyo mpokeaji ndipo ichapishe madodoso. Na mume asubiri nje kidogo. Mkunga aivute karatasi upande wake, alisome swali la kumi kwa sauti ya chini, kisha asubiri jibu bila kutazama saa.