Nusu Kichwa

Ukifungua saluni mpakani Busia, unajua utasikiliza bei ya mafuta, habari za foleni ya malori, na nani kamtoroka nani kwa kuvuka upande wa Kenya. Hayo nilijiandaa nayo. Hakuna aliyenionya kwamba nitaota mvi nikiamua kesi ya Thor na Captain America.

Balaa lilianza na chaki. Kijana mmoja wa chuo, mteja wangu wa kila wiki mbili na mdeni wangu wa kila wiki mbili, alichukua chaki yangu ya kuandikia bei akaanza kupanga ukutani filamu za Marvel, zile za Kimarekani za mashujaa wenye nguvu za ajabu, kutoka bora hadi mbovu. Filamu ishirini na mbili! Zile zote tangu Iron Man ya 2008 mpaka Avengers: Endgame ya 2019. Zilizokuja baadaye hazitambui, anasema hizo ni watoto wa nje. Alianzia juu karibu na dari, akateremka, akateremka, alipofika ya kumi na tano akagonga bei yangu ya ndevu. Akaifuta kwa kiganja. Tangu siku hiyo mteja akiuliza ndevu ni shilingi ngapi, namwelekeza ukutani, anasoma Ant-Man.

Sasa mtu haingii akakaa kitini kama binadamu. Anasimama kwanza mbele ya ukuta, mikono kiunoni, kama anatafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Kisha anaguna. Nikisikia huo mguno najua saa nzima imekwenda na hela haijaingia.

Wakali ni watatu. Yupo kijana mwenyewe mwenye chaki. Yupo dereva wa lori kutoka Mombasa, ambaye foleni ikimkwamisha anahamia kwangu na thermos yake ya chai. Na yupo Afande, mstaafu, ambaye kichwa chake kilishamaliza nywele zamani lakini haachi kuja. Dereva anasema Infinity War ndiyo baba lao, na aliyeiweka chini ya Endgame apimwe. Kijana anasema Endgame, kwa sababu ndiyo iliyofunga hesabu ya miaka kumi na moja. Afande anasema Black Panther, na kwake neno likishasemwa kupiga kura ni utovu wa nidhamu. Kitu kimoja tu wanakubaliana: Thor: The Dark World ya 2013 ikae mkiani. Siku moja nilijaribu kuitetea, kwa huruma tu, maana mkiani hapo iko jirani na swichi na kila anayewasha taa anaipapasa. Wakaniangalia kama nimeuza nchi.

Na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Mimi hizi filamu nimeziona zote kibandani, nyuma ya steji ya boda, kiingilio shilingi 1,000, benchi la mbao, na VJ juu yake. Huyu VJ ni mtu anayezungumza juu ya filamu kwa Kiganda: anatafsiri, anaeleza, anatia chumvi, na akiona mwigizaji kanyamaza anamsaidia maneno. VJ Junior na VJ Jingo wamejenga majina makubwa kwa kazi hiyo, na ng'ambo ya mpaka wana DJ Afro wao anayeifanya kwa Kiswahili. Mimi mtoto wa kambi ya jeshi, nimekulia Kiswahili, Kiganda changu ni cha sokoni. Kwa hiyo Marvel amesema Kiingereza, VJ amesema Kiganda, mimi nimeelewa Kiswahili, na kilichobaki mwishoni sijui ni cha nani.

Tena mwenye kibanda hafuati mwaka filamu ilipotoka, wala hafuati hadithi. Anafuata kilichomo kwenye flashi. Ndiyo maana Tony Stark, yule Iron Man mwenyewe, mimi nilimzika mwezi wa tatu, nikamlilia gizani kimyakimya, halafu mwezi wa tano nikamkuta pangoni Afghanistan, mzima kabisa, anagonga vyuma atengeneze vazi lake la kwanza. Nikapaza sauti: “Jamani, huyu si tulimzika?” Kibanda kizima kikanizomea. Basi 2024 ikatangazwa kwamba Robert Downey Jr., aliyemwigiza Stark, anarudi, safari hii awe adui, Doctor Doom. Nilimfuata kila aliyenizomea mpaka mlangoni kwake. Wanasema si mtu yuleyule. Sura ni ileile, mimi nanyoa sura, mtaniambia nini?

Infinity War yenyewe niliiona siku ya mechi. Thanos, lile jitu adui wa mashujaa wote, kapiga vidole, watu wakaanza kugeuka vumbi mmoja mmoja, mimi nikadhani ni mashine ya kibanda imeanza kufuta picha. Sijauliza, mwenye kibanda kabadilisha, tukaletewa mpira. Kipindi cha pili timu yangu nayo ikageuka vumbi. Ile Endgame nilikuwa nimeiona kabla yake, nikawaona watu wanatokea kwenye milango ya mwanga kwa mamia, kila mtu kibandani anashangilia, na mimi nashangilia, bila kujua kwamba ndio wale waliogeuka vumbi, wanarudi baada ya miaka mitano. Nilidhani wamechelewa.

Ndiyo nasema, hawa wanagombana bure. Dereva aliiona Mombasa, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, na miwani ya 3D wakampa. Kijana aliiona kwenye simu, chini ya blanketi, vipande vipande kadiri bando lilivyoruhusu. Afande kaiona kwa mwanawe Entebbe, na kwa maelezo yake mwenyewe alilala katikati. Kila mmoja ana filamu yake, halafu wanataka kuzipanga kwenye ukuta mmoja, tena ukuta wangu.

Juzi ugomvi ulikuwa Thanos alitaka nini hasa. Kijana anaeleza kwa utulivu wa mwalimu: viumbe wamezidi, rasilimali hazitoshi, akaona aondoe nusu ili nusu ishibe. Mimi nikamkatiza. VJ wangu alisema wazi kwamba Thanos ni mwenye nyumba, na wale ni wapangaji waliokataa kuhama. Ndivyo nilivyoelewa filamu nzima, na niwaambie ukweli, ilikuwa na mantiki. Mwenye nyumba wangu ana kidevu kilekile.

Afande akasema Thanos angekuja Busia tungepumua, foleni ya malori ingepungua nusu. Dereva akaweka kikombe chini. “Afande, kwa heshima yako. Wanaotoweka ni watu. Malori yanabaki. Nusu ya madereva hawapo, malori yote yapo, funguo zimeingia vumbini. Hiyo foleni itafika Jinja.” Tukanyamaza sote tukiitazama barabara. Sijawahi kuogopa filamu kama nilivyoogopa hapo.

Ikija zamu ya Black Panther, Afande husimama. Anaanza na milima: baadhi ya picha za Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Black Panther, kutoka angani zilipigwa hapa Uganda. Kisha anakuja kwa Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, yule Ayo wa walinzi wa mfalme, ambaye katika Captain America: Civil War ya 2016 alimwambia Black Widow asogee kabla hajasogezwa. Maneno hayo nimeyajaribu mimi kwa bodaboda anayeegesha mlangoni kwangu. Alisogea kweli. Alisogea ndani, akakaa, akaanza kusoma ukuta.

Halafu Afande anafika kwa Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London, wazazi Waganda, na hapo dereva humngojea kama paka. “Huyo wenu si ndiye aliyemgeuka mfalme?” Kweli, W'Kabi, ambaye Kaluuya ndiye alimwigiza, alikwenda upande wa Killmonger, aliyempindua mfalme T'Challa, akaleta na vifaru, wale wanyama wa pembe. Afande anajibu kwamba lile lilikuwa tatizo la amri, askari hufuata aliye kwenye kiti. Dereva anamkumbusha jinsi kifaru kilivyofika mbele ya Okoye, mpenzi wa W'Kabi, kikasimama kikamlamba uso, na bwana mwenyewe akapiga magoti. Afande anasema mwanamume anayejua nyumbani anakula wapi hupiga magoti. Hapo sina la kuongeza, mimi pia nina mke.

Langu juu ya Wakanda ni moja tu, na hawataki kulisikia. Nchi ina madini kuliko dunia nzima, ina ndege za ajabu, halafu imefunga mipaka na kujifanya nchi ya wachunga mifugo. Mpaka ukifungwa sisi watu wa Busia tutamnyoa nani? Killmonger sikumpenda, lakini T'Challa alipokuja kufungua milango mwishoni, mimi peke yangu kibandani ndiye niliyepiga makofi, na nilikuwa naipigia biashara.

Sasa ya jana. Kijana kaja kunyolewa, ana harusi ya dada yake Tororo leo asubuhi. Anataka upara kamili, ung'ae kwenye picha. Nikampa mashine upande wa kulia, ukatoka safi kama yai. Huku nyuma dereva kainuka, kachukua chaki, kafuta Endgame juu kule, kaandika Infinity War. Kijana kaona kwenye kioo. Kageuka ghafla, mimi namshika kichwa, yeye anapiga kelele, Afande anaamuru watu watulie, dereva anaandika kwa herufi kubwa zaidi. Nikamrudisha kitini, nikaweka mashine upande wa kushoto, na stima ikapotea.

Banange! Kimya kilichofuata, hata kibandani sijawahi kukisikia. Jenereta ninayo, petroli ndiyo sina. Nikatoa wembe. Kijana akaufunika upande wa kushoto kwa mikono miwili na kusema bora aende hivyohivyo. Dereva akamzunguka taratibu, akamtazama kulia, akamtazama kushoto, kisha akanipa mkono kwa heshima zote. “Mzee wangu,” akasema, “umepiga vidole. Nusu imekwenda.”

Mpaka jioni steji nzima ya boda ilikuwa inaniita Thanos. Mama muuza chapati kaja kuangalia, karudi kuwaita wenzake. Afande kawapanga mstari mlangoni ili wasisukumane. Kijana amekaa kitini, kitambaa shingoni, anajitazama kwenye kioo upande mmoja, anageuka, anatazama wa pili.

“Mzee,” akaniuliza kwa sauti ndogo, “stima itarudi lini?”

Kabla sijafungua mdomo, dereva akamimina chai yake.

“Miaka mitano.”